Majina Yaliyoachwa Likumbini

Alhamisi ile, saa nne asubuhi, Nassibu alikuwa kwenye banda la Rehani la kuchajia simu, anasubiri simu yake ifike asilimia arobaini aondoke nayo. Banda lilikuwa la miti na makuti, na juu yake paneli mbili za sola. Ndani, simu kumi na tisa zilikuwa zimelala kwenye ubao, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Rehani alikuwa mtu wa mpangilio. Redio ilikuwa inarusha Bunge, na Bunge lilikuwa siku ya tatu linajadili muswada wa kupanua jeshi.

"Mheshimiwa Spika," mbunge mmoja alisema, "nchi isiyo na jeshi kubwa ni nyumba isiyo na mlango."

"Mlango ni jambo jema, Mheshimiwa Spika," akasimama mwingine. "Ila mbao za mlango huo zinakatwa kwenye shamba la nani? Mbona sijasikia likitajwa shamba la mtu aliyemo humu ndani?"

Wakapiga meza. Redioni, mwenye kupiga meza kwa kuunga mkono na mwenye kupiga meza kwa hasira hutoa mlio uleule.

Kilichogombaniwa ni kifungu cha kumi na nne. Kilisema kwamba kila kijana wa kiume wa miaka kumi na nane hadi thelathini anaweza kuitwa jeshini, atake asitake. Nassibu alikuwa na miaka ishirini na mbili. Rehani vilevile. Walikuwa wamezaliwa wiki moja, nyumba ya tatu kwa nyumba ya tano, hapo hapo kijijini Nangulwe, kilomita chache ndani kutoka Kiranjeranje.

"Mimi wakiniita leo, kesho nipo," Rehani alisema. Alikuwa ameomba kujiunga mara tatu na mara tatu alikataliwa kwa sababu ya magego yaliyooza. "Jeshi ni ajira, mwanangu. Kule unakula mara tatu kwa siku."

"Na unaliwa mara moja," Nassibu akasema.

Waliokuwa wanacheza karata nje ya banda wakacheka. Nassibu alikuwa na kipaji hicho. Msibani alikuwa akiwekwa mbali na wafiwa asije akawachekesha.

Kabla simu haijafika arobaini, mtendaji wa kijiji akaja na karatasi na pini nne. Jina lake Brighton, mtu wa nyanda za juu, mwaka wa pili tu hapo, mtu mwema aliyeogopa vitu viwili: nyoka, na simu kutoka wilayani. Akabandika karatasi kwenye nguzo ya banda. Kila kaya iwasilishe majina ya vijana wake wa kiume wa miaka kumi na nane hadi thelathini, pamoja na kadi ya kliniki ya kuthibitisha tarehe ya kuzaliwa.

"Mtendaji," Nassibu akamwuliza, "Bunge si bado linajadili?"

"Linajadili."

"Sasa haya majina ya nini?"

"Takwimu," Brighton alisema, akafuta jasho. "Ni takwimu tu, kaka."

Alipoondoka, karata zilisimama. Takwimu wanaijua. Ilianza hivyohivyo walipohesabiwa mashamba ya kando ya barabara, kabla hayajachukuliwa.

Ndipo Nassibu akatoa wazo lake, na alilitoa kama mzaha, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kutoa wazo. "Anataka majina? Tumpe. Tumpe yale tuliyoyaacha likumbini."

Huko kwao, mvulana haendi ukubwani na jina lake la utoto. Likumbi ni kibanda cha jando, porini, na siku ya kutoka huchomwa moto, na wavulana huondoka bila kugeuka nyuma. Ndani ya moto ule hubaki nguo za zamani na jina la zamani. Mtu mzima ukimwita kwa jina lake la utoto unatozwa faini ya kuku mmoja. Akijiita mwenyewe, kuku ni yuleyule, ila wenzake humcheka mpaka mvua za vuli. Na kadi za kliniki, kwa kuwa ziliandikwa mtoto angali mgongoni, zote zilikuwa na majina yale.

"Kadi zinayo, kwa hiyo si uongo," Nassibu alisema. "Siku ya kuitwa, wataita weee. Jina lililoungua halivai buti."

Wazo likasambaa nyumba hadi nyumba, na jioni kina mama wakachimbua kadi za kliniki chini ya magodoro. Mama yake Nassibu, Fauzia, mjane mwenye mtoto huyo mmoja, aliishika kadi muda mrefu.

"Jina hili sijalitamka miaka kumi na minne," alisema.

"Usilitamke, mama. Mpe tu kadi asome mwenyewe."

Brighton aliandika majina arobaini na moja kwa hati nzuri. La Nassibu lilikuwa Sumuni. La Rehani lilikuwa Pakacha. Hakuona ajabu. Kwao pia watu wana majina.

Jumatatu ya pili yake likafanyika zoezi la uhakiki mbele ya ofisi ya kijiji. Afande mmoja wa jeshi alikuja na gari, meza ya kukunja na mzani. Vijana arobaini na mmoja walikaa kwenye ukuta wa ofisi, miguu inaning'inia, wamekuja kutazama jinsi watu wasiokuwepo watakavyokosekana. Wengine walikuwa wamenunua karanga.

"Pakacha!" afande akaita.

Rehani akatazama juu kama mtu anayekagua mawingu.

"Pakacha!"

"Nipo!"

Sauti ilitoka upande wa mikorosho, kule ambako zamani likumbi lilichomwa. Akatoka mtoto wa miaka minane, kaptula ya kaki ya shule, kifua wazi, meno mawili ya mbele hana. Akasimama mbele ya meza. Alikuwa ananuka moshi.

Mama yake Rehani, Mastura, alikuwa amekaa na wanawake wenzake. "We Pakacha," alisema, "viatu viko wapi?"

"Viliungua."

"Nilijua tu," Mastura akasema, akawageukia wenzake. "Vilikuwa vipya vile."

Wakaendelea kutoka mmoja mmoja, kwa kadiri walivyoitwa, mpaka wakatimia arobaini na moja. Sumuni alikuwa wa kumi na saba. Alikuwa na fulana ya kijani yenye tundu begani, na Nassibu aliikumbuka ile fulana, na tundu lile alikumbuka lilitobolewa na nini. Mtoto akapita karibu na ukuta, akamtazama, akaona ni mtu mzima.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," Nassibu akajibu. Angejibu nini kingine.

Afande alisoma kadi, akamtazama mtoto, akasoma tena. "Tarehe ya kuzaliwa ni hii?"

"Ndiyo," Sumuni akasema.

"Basi una miaka ishirini na mbili." Akaandika. "Kilo ishirini na tatu. Kimo je, mtendaji? Kuna kiwango cha kimo?"

Brighton alifungua faili. "Kifungu cha kimo bado kinajadiliwa, afande."

"Basi hakuna tatizo."

Siku hiyo lori halikuwepo, lilikuwa limeenda kubeba kitu kingine. Wakaambiwa watafuatwa. Watoto wakaenda kila mmoja kwao, nao walizijua njia, ila walishangazwa na mabati ya nyumba mbili tatu. Hicho ndicho kitu pekee kilichomshangaza mtu siku ile.

Sumuni alikaa siku kumi na nane. Fauzia alimtandikia mkeka pembeni yake, akamkosha miguu, akalalamika kwamba hali, halafu akalalamika kwamba anamaliza chakula. Asubuhi mtoto alimfuata Nassibu shambani, maana ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa. Nassibu alibeba mashine mgongoni, Sumuni akatembea nyuma akiuliza maswali, na vumbi la manjano likawashukia wote wawili sawasawa.

"Umeoa?" mtoto aliuliza.

"Bado."

"Una baiskeli?"

"Niliuza."

"Bahari umeshavuka?"

"Nimefika Kilwa Kivinje. Mara mbili."

Sumuni alipita mikorosho mitatu, akiigusa magome. "Nilidhani tutakuwa warefu," alisema hatimaye.

"Urefu wa nini? Utagonga matawi."

Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Nassibu aligundua kwamba alikuwa akimtafutia vichekesho tangu alfajiri, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuvielewa upesi namna ile. Siku ya kumi mtoto akapanda mkorosho ambao Nassibu asingethubutu kuupanda sasa, akaning'inia kwa mkono mmoja, akapiga kelele kwamba anaona Kiswere, kule pwani. Mtu hawezi kuona Kiswere kutoka pale. Nassibu alimwamini.

"Kule jeshini kuna nini?" Sumuni alimwuliza siku hiyohiyo.

"Wanakula mara tatu."

Alisubiri aulizwe zaidi, kwa sababu nusu ya pili ya kichekesho ilikuwa mdomoni. Hakuulizwa. Akaimeza.

Wakati huo Bunge lilikuwa limefika kifungu cha kumi na tano. Kwenye banda la Rehani, ambako sasa wakubwa na wadogo walikaa pamoja, watu waligawanyika. Wapo waliosema nchi lazima ijilinde, mpaka uko karibu na yanayotokea ng'ambo ya Ruvuma kila mtu anayasikia. Wapo waliosema ng'ombe wa maskini ndiye anayeitwa kwanza kwenye kila karamu. Rehani alisema angeenda hata bila kifungu. Pakacha, pembeni yake, alikuwa anasoma plasta za simu kwa herufi moja moja.

Lori lilikuja Ijumaa, baada ya swala. Lilikuwa na turubai la kijani na mabenchi mawili. Watoto walipangwa mstari. Afande, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisimama kwenye bampa akatangaza.

"Nimeelezwa mila zenu," alisema. "Nami sina ugomvi na mila. Kama kuna mtu hapa anasema jina hili ni langu, aje mbele alitaje kwa mdomo wake, apande yeye, mtoto abaki. Fomu ninayo. Ni ya leo tu."

Rehani alikuwa wa kwanza, na ilikuwa kabla afande hajamaliza kukunja karatasi. Akasogea mpaka mbele. "Mimi ndiye Pakacha," alisema, kwa sauti ambayo hata wanawake waliisikia. Hakuna aliyecheka. Wazee wakatazamana, wakakubaliana kwa macho kuhusu yule kuku.

"Fungua mdomo," afande akasema.

Rehani akafungua. Afande akawasha tochi ya simu, akamulika upande wa kushoto, akamulika upande wa kulia.

"Magego manne. Hapana." Akamwinamia mtoto. "Na wewe fungua. Haya ya mbele hayapo, lakini yataota. Panda."

Pakacha akapanda. Rehani akabaki amesimama, mdomo ungali wazi kidogo.

Baada ya hapo afande alisubiri. Alisubiri kwa haki kabisa, akatazama na saa. Arobaini walikuwa kwenye ukuta ule ule. Sumuni alikuwa kwenye mstari, anabandua kigaga cha kidonda kwenye kiwiko. Hakumwangalia Nassibu kwa kumwomba kitu. Alimwangalia kidogo tu, kama unavyomwangalia mtu mkubwa kujua mnaondoka saa ngapi.

Nassibu alifikiria mila. Mwanamume halitamki lile jina. Limeungua. Amefundishwa hivyo na ngariba, na ngariba alifundishwa na baba yake, na mtu hawezi kuamka Ijumaa moja akavunja jambo la mababu. Alilifikiria jambo hilo kwa heshima kubwa. Faini yake ilikuwa kuku mmoja. Nassibu alikuwa na kuku saba.

Akatazama viatu vyake. Fauzia, upande wa wanawake, hakusema neno, na Nassibu alimsikia vizuri.

"Haya," afande akasema, "tusicheleweshane."

Watoto wakapanda kwa kusaidiana. Lori lilipoanza kwenda, wakaanza kuimba wimbo wa shule, kwa sababu hawakuwa wamefundishwa mwingine. Nassibu aliujua wote.

Wiki mbili baadaye mbunge mmoja alimwuliza waziri kama ni kweli kuna vijana wameshachukuliwa vijijini kabla sheria haijapita. Banda zima lilikuwa linasikiliza.

"Mheshimiwa Spika," waziri alisema, "naomba kulihakikishia Bunge lako tukufu kwamba hakuna kijana hata mmoja aliyechukuliwa. Vijana wote wa nchi hii wako majumbani mwao."

Nassibu na wenzake wakatazamana. Ni kweli, walikuwepo wote.

Makovu yalianza mwezi wa nane. Modesti, fundi pikipiki, aliamka na kovu refu chini ya sikio, limeshapona, limeng'aa kama kovu la zamani. "Hili nililipata nikiwa darasa la pili," alieleza. "Nilianguka kwenye mkorosho." Kila mtu akakumbuka alivyoanguka. Nassibu alikumbuka hata damu, na alikumbuka pia kwamba jana shingo ya Modesti haikuwa na kitu. Wengine wawili wakapungukiwa vidole, na vidole vyenyewe vilikuwa vimekatika miaka kumi na minne nyuma, kwa panga, kwa mlango, kila kimoja na kisa chake. Ilivyoonekana, kinachompata mtoto huko alikopelekwa kilikuwa kimeshampata mkubwa wake zamani. Watu walilielewa hilo bila mkutano.

Nassibu alichukua kuku, akaenda ofisini kwa Brighton.

"Mimi ndiye Sumuni," alisema. Jina lilitoka kirahisi. Lilikuwa na ladha ya vumbi, basi. "Nataka nikabadilishane naye."

Brighton alimtazama yeye, akamtazama kuku. "Fomu ya kubadilishana ilikuwa ya siku ile, kaka."

"Andika barua."

"Nitaandika niseme nini? Sumuni ameshapokelewa, nina sahihi yake hapa." Akamwonyesha. Ilikuwa S kubwa imegeuzwa nyuma mbele, kama Nassibu alivyokuwa akiiandika utotoni mpaka mwalimu alipomchapa. "Siwezi kumpeleka mtu ambaye yuko kule tayari."

Brighton hakulala vizuri wiki ile. Lakini barua haikuandikwa.

Jumanne moja Nassibu alikwenda kuchaji simu, akakuta hakuna banda. Palikuwa na majani, marefu, ya miaka mingi. Chini zilikuwa zimepangwa simu kumi na sita, kila moja na plasta yake, zote zimejaa asilimia mia. Akaenda nyumba ya tano.

"Shikamoo mama Mastura. Rehani yuko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Rehani gani?" Mastura alikuwa anapepeta ufuta. Alisimamisha ungo. "Mimi nilikuwa na Pakacha wangu, Mungu amrehemu, alifariki na miaka yake minane, jina la ukubwani hakupata. Si mlikuwa mnacheza pamoja? Ulikuja kwenye msiba wake, mdogo hivi, ukatuchekesha."

Akamwonyesha kwa kidevu. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi dogo lililobonyea, na juu yake mkorosho mnene, uliokwisha kuzaa mara nyingi. Nassibu alilikumbuka lile kaburi likichimbwa. Alikumbuka pia kwamba Jumapili Rehani alimwambia redio yake imeisha betri. Yote mawili yalikuwa kweli, na kwa kuwa msiba ulikuwa umekwisha kuliliwa miaka kumi na minne nyuma, hapakuwa na pa kupeleka rambirambi.

Kutoka wilayani ikaja barua ya ukaguzi. Waliopelekwa kutoka Nangulwe: arobaini. Waliopo: arobaini. Upungufu: hakuna. Brighton alihesabu orodha yake mwenyewe, kwa hati yake nzuri, na ilikuwa arobaini, bila nafasi wala ufutio. Chini ya barua kijiji kilipongezwa, kikaombwa orodha nyingine, safari hii ya miaka kumi na sita na kumi na saba. Takwimu tu. Kule Bungeni, muswada uliahirishwa hadi kikao kijacho ili wadau watoe maoni zaidi.

Kovu la Nassibu lilikuja Septemba, kwenye goti. La baiskeli. Halikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba aliikumbuka vizuri sana ile baiskeli ya utotoni, na jana yake hakuwa nayo kichwani.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, hupitia jikoni kwa mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nilipokuwa na miaka minane, niliwahi kuumwa sana?"

"Uliumwa. Homa. Tulikubeba kwa machela mpaka zahanati."

"Halafu?"

"Halafu ukapona. Si wewe huyo unaniziba mwanga?"

Mwanzoni jibu lilikuwa likitoka papo hapo, kama mtu anayetaja siku ya gulio. Siku hizi Fauzia husimamisha mwiko kwanza. Humtazama mwanawe usoni, hutazama nje upande wa mikorosho, hufikiri. Naye Nassibu husubiri mlangoni, hana mzaha wowote mdomoni.

Jana alifikiri mpaka uji ukashika chini.

"Nadhani ulipona," alisema.